Uchambuzi wa kisa: boda ya cc 125 iliyokatwa mkia ikawa boba, na yaliyorudi gereji

Hiki kisa nimekishiriki mwenyewe, mwanzo kwa simu na baadae kwa mikono, kwa hiyo lawama zingine ni zangu na nitazisema zikifika. Majina nimeyatoa, namba za pikipiki nimezitoa, mji nasema tu uko kando ya barabara ya Dar kwenda Dodoma, kiangazi vumbi, masika tope la mfinyanzi. Mwenye pikipiki namuita Jamaa, aliyechomelea namuita Welda, na mke wa Jamaa ni shemeji maana hata kwao ndo ninavyomuita. Jamaa amesoma kabla sijatoa, akacheka, akasema andika tu ila picha za raundi ya kwanza usiweke.

## Usuli

Jamaa ana miaka thelathini na kitu, kazi yake stoo ya nafaka, sio fundi ila ni wale watu Jumapili ikimkuta hana spana mkononi anaona kama anaumwa. Pikipiki ni ya Kichina, aliinunua kwa mjomba wake laki sita na nusu baada ya kupigishwa boda miaka kama sita. Injini yake ni ya mfumo wa CG. Kwa asiyejua, Honda walitoa CG125 katikati ya miaka ya 70 wakilenga nchi ambazo pikipiki inabebeshwa magunia na oili inamwagwa siku mwenyewe akikumbuka, ndo maana valvu zake zinasukumwa na fito kutoka chini, haina cheni ya taimingi ya kupanda juu, alafu Wachina wakaushika ule mchoro wakautoa kwa majina mengi mpaka leo, ndo hizo zimejaa vijiweni. Uzuri wake spea ziko kila duka. Na ya Jamaa injini ilikuwa nzima kabisa, kiki moja imewaka, moshi hamna. Kilichochoka ni mwili: siti imechanika, madigadi ya nyuma imepasuka ikafungwa na waya, keria inacheza, plastiki ya ubavuni moja ilishapotea.

Kazi ya nyumbani ilikuwa nayo. Kila asubuhi inampeleka shemeji sokoni na beseni lake, mtoto kakaa katikati anashushwa shule. Nalisema hili hapa mwanzo kwa sababu kwenye mipango yote ya hawa watu halikutajwa hata mara moja.

Sasa boba ni nini. Ni Wamarekani hao, miaka ya 1930 na 1940, vijana wenye Harley-Davidson na Indian, machuma mazito, wakawa wanang'oa madigadi ya mbele, ya nyuma wanaikata inabaki kipande, wanatoa kila wanachoona hakina kazi ili chombo kiwe chepesi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ikashika zaidi maana pikipiki za jeshi kama WLA ya Harley zilikuwa zinauzwa bei chee na walioziendesha vitani walikuwa wamerudi nyumbani. Jina linatokana na kukata fupi, kama mkia wa farasi unavyokatwa. Isichanganywe na chopa. Chopa inakatwa mpaka shingo ya fremu, foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele) zinalazwa mbele, ila boba shingo haiguswi, mwinamo wa mbele unabaki ule wa kiwandani. Ndo maana watu wanaona boba ni kazi ya nyumbani, rahisi, unatoa tu, huongezi kitu. Kauli hiyo ndo ilimponza Jamaa na mimi nikiwemo.

## Raundi ya kwanza

Ilianza mwisho wa Februari, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Siku ya kwanza ilitoka siti, keria, madigadi zote mbili, plastiki, boksi la filta ya hewa, kinga ya cheni, vioo na indiketa. Masaa matatu tu pikipiki ikabaki mifupa, na nisiwe mnafiki, ilipendeza. Akanitumia picha alafu akapiga: "Fundi, hapa nyuma nikate wapi?" Nilikuwa na mteja amesimama kichwani kwangu, nikamjibu kata nyuma ya shokapu, acha vidole vitatu. Nikakata simu.

Jibu lilikuwa sahihi ila nusu. Kwenye fremu hizi mabomba mawili ya nyuma ndo yanashika vichwa vya shokapu, na nyuma kidogo ya hapo kuna kipande kinavuka kutoka bomba moja kwenda lingine. Mimi nakiita daraja. Ukikiangalia unaona kina bolti za madigadi na waya wa taa, kwa hiyo unadhani kazi yake ni kushika madigadi. Welda akapima vidole vitatu, akawasha grinda, na daraja likaondoka na mkia. Ncha wakaziziba na visahani vya bati, wakasaga vizuri mpaka huoni kiungo. Mkia wakamuuzia mtu wa chuma chakavu elfu tatu, wakanywea soda.

Siku ya pili ndo walichomelea vishikizo vya siti na madigadi. Chuma walichotumia ni vipande vya bomba la maji lile la kung'aa, vilibaki kwa jirani aliyekuwa anavuta maji. Sasa lile bomba limepakwa zinki, ukilichomea linatoa moshi mweupe, na jioni wote wawili walitetemeka baridi na homa kama malaria, Welda akasema ni kawaida, akanywa maziwa. Ni kawaida kweli kwa maana ya kwamba inawapata wengi, kesho yake huwa inapoa, lakini maziwa hayatibu kitu pale, dawa ni kusaga ile zinki yote kwenye kiungo kabla hujagusa moto, au usilitumie kabisa. Wakati wanachomea betri ilikuwa bado imeunganishwa, CDI (kiboksi kinachowasha plagi) bado imeunganishwa, rektifaya (inayotuliza umeme wa kuchaji betri) bado imeunganishwa, na kibanio cha ethi, ule waya wa pili wa mashine ya kuchomelea, wamekibana kwenye injini.

Manunuzi yakaja. Shokapu za zamani zilikuwa sentimita 33 kutoka tundu mpaka tundu, akanunua za sentimita 29 ili pikipiki ikae chini. Tairi la nyuma lilikuwa 3.00-18 (yaani upana inchi 3, ringi inchi 18), akanunua 4.00-18 kwa sababu boba bila tairi nene haijakaa. Likaingia kwa kubanana, cheni ikawa inapita milimita chache tu kutoka ubavu wa tairi, kwa hiyo kinga ya cheni haikurudi tena. Madigadi ni ya chuma, ya pikipiki fulani ya zamani, imekatwa, wakaifunga kwenye fremu sentimita 4 juu ya tairi, mkia wa bolti ukitazama ndani. Waya wa taa ya breki wakaupitisha chini ya madigadi hiyo hiyo na kuushika kwa selotepu nyeusi. Siti akashona fundi wa masofa, sponji na reksini, na chini yake wakaweka springi za siti ya baiskeli ya Phoenix. Hiyo ya springi ni akili ya Jamaa mwenyewe na ndo kitu bora kuliko vyote kwenye pikipiki ile, mpaka leo sijaibadilisha.

Kuhusu fyuzi, ilishaungua enzi za boda na mtu akaziba na kinyuzi cha waya wa shaba. Hakuna aliyeangalia.

Rangi nyeusi, tenki likasagwa likabaki chuma na kupakwa vanishi. Jumla raundi ya kwanza ilikula laki tatu na themanini. Ikawashwa, ikazunguka mtaa, watoto wakaikimbilia. Wiki mbili jamaa alikuwa staa.

Ndani ya hizo wiki mbili pikipiki ilikuwa inaongea ila hakuna aliyeisikiliza. Ilikuwa nzito mlimani, gia ya nne inakataa pale ilipokuwa inapanda vizuri. Ukiachia mafuta eksozi inapiga paa paa. Plagi ukiitoa nyeupe kama chaki. Ukipita kwenye shimo unasikia harufu ya mpira. Yeye alikuwa anasema ndo tabia ya boba.

## Usiku wa tuta

Katikati ya Machi, saa mbili usiku, mvua imeshaanza. Anatoka kazini, mgongoni kabeba begi lenye unga kilo kumi, maana keria hamna. Kuna tuta mbele ya shule moja ambalo halijapakwa rangi, akalikuta mwendo wa kama 40. Nyuma ikashuka mpaka mwisho, tairi likapiga madigadi, zile bolti zikalichana mstari wa kuzunguka, na tairi likautoa waya wa breki maganda yote. Shaba ikagusa chuma. Fyuzi ambayo ingekatika hapo haikuwepo, ni ule uzi wa shaba, kwa hiyo moto wa umeme ukapita kwenye waya mzima mpaka chini ya tenki. Taa zikazima, moshi ukatoka katikati ya mapaja.

Akili ya haraka alikuwa nayo kidogo, alisimama, akaingiza mkono akang'oa waya wa betri, kidole gumba kikaungua. Hakuanguka. Aliisukuma kilomita mbili kwenye mvua na unga ukalowa.

## Raundi ya pili: nilichokikuta na tulivyoamua

Ililetwa kwangu kwa kirikuu siku ya tatu. Kwanza umeme maana ndo kazi yangu. Nikatoa waya zilizoyeyuka, nikafunga betri ya kwangu, nikawasha nikapima kwenye betri: ukivuta mafuta voti zinapanda mpaka 17 na zaidi, wakati inatakiwa iishie kwenye 14 hivi. Rektifaya imekufa, na betri yake ilikuwa imechemka mpaka imevimba ubavuni. Nilichoweka kwenye maandishi yangu ni kwamba chanzo ni kuchomelea huku vitu vyote vya umeme vikiwa vimeunganishwa. Betri waya zitoke zote mbili, CDI na rektifaya zichomolewe soketi, ethi ibanwe karibu kabisa na pale unapochomea ili umeme usitafute njia ndefu kupitia bearingi za injini. Dakika kumi tu hizo.

Alafu nikaona rangi imepasuka kama unywele karibu na kichwa cha shokapu ya kushoto. Rangi mpya haipasuki bila sababu. Nikaenda kijiweni nikamuomba kijana mwenye pikipiki kama ile anipe dakika mbili, nikapima upana kati ya vichwa vya shokapu, nikarudi nikapima ya Jamaa. Ya Jamaa mabomba yalikuwa yameachana milimita 7 zaidi. Yaani daraja lililokatwa ndo lilikuwa linayashika yasitanuke, na kila shimo lilikuwa linayasukuma nje kidogo kidogo. Kwa mwendo ule miezi michache mbele shokapu ingetoka na kipande cha fremu.

Hapo tukakaa chini, mimi, Jamaa na Welda. Welda alikuwa amenuna, nikamuelewa. Ni fundi mzuri, mageti yake hayana mpinzani mjini, ila geti halipandi tuta. Niliweka wazi kwamba ile ya vidole vitatu ilitoka kwangu na sikumtajia daraja, hali ya hewa ikatulia na tukaendelea naye huyo huyo.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa fremu. Njia rahisi kwa hela ni kununua fremu nzima ya chakavu na kuhamisha vitu vyote. Tulikataa, kwa sababu namba ya chasisi imegongwa kwenye fremu na ndo iliyoko kwenye kadi, ukibadilisha fremu unatembea na pikipiki ya mtu mwingine kwa mujibu wa karatasi, na siku ukisimamishwa huna la kueleza. Tukaamua kurudisha daraja kwa umbo la kiatu cha farasi: bomba jeusi la kawaida, sio lile la maji, likajazwa mchanga likakunjwa kwa fundi wa madirisha ili lisibonyee. Mabomba ya fremu yakavutwa kwa kamba na kurudishwa kwenye kipimo cha ile ya kijiweni kabla ya kuchomea. Ndani ya kila kiungo tukaingiza kipande cha bomba dogo linaloingia kwa kugongwa na nyundo, sentimita 4 kila upande, tukatoboa matundu na kuchomea kupitia matundu kwanza, ndo ukaja mshono wa kuzunguka. Hilo bomba la ndani ndo linabeba, mshono wa nje peke yake kwenye chuma chembamba namna ile siuamini. Rodi za kuchomelea ni 6013 za milimita 2.5, moto mdogo, unachoma kidogo unaacha ipoe.

Uamuzi wa pili ni shokapu na tairi, na hapa ndo nilicheka peke yangu. Fanya hesabu. Tairi la 3.00 lina kimo cha kama milimita 76 kutoka ringi, la 4.00 ni kama 102. Kwa hiyo gurudumu limekuwa refu kwenda juu kwa karibu milimita 26, na ekseli imenyanyuka kutoka ardhini kwa kiasi hicho hicho. Yeye alinunua shokapu fupi kuishusha milimita 40, alafu akanunua tairi likaipandisha 26. Hela zote zile pikipiki imeshuka sentimita moja na ushee, na nafasi kati ya tairi na madigadi imekwisha. Na huo uzito wa mlimani ni tairi hilo hilo, kipenyo kimekua kwa asilimia kama 8, ni sawa na kubadilisha sproketi ukaweka ya mwendo mkubwa kwenye injini ya cc 125. Nilimuonyesha kwenye karatasi ya risiti akakaa kimya.

Tukarudisha shokapu za zamani za sentimita 33 na kuweka tairi la 3.50-18. Linaonekana nene kwa mtu asiyepima, cheni imepata nafasi, na sproketi ya mbele tukaweka meno 14 badala ya 15 kufidia kilichobaki. Jamaa alipigania shokapu fupi karibu nusu saa. Muonekano wa chini tukaupata kwa njia nyingine, kushusha siti, maana kwenye boba jicho linafuata mstari wa siti na tenki, haliangalii kimo cha ekseli.

Uamuzi wa tatu, madigadi. Tulitengeneza shokapu za uongo: flati ba (vyuma bapa) mbili, kila moja ina matundu mawili, umbali wake sawa na shokapu ikiwa imebonyea mpaka mwisho. Ukizifunga badala ya shokapu, pikipiki inakaa kama iko juu ya tuta baya kuliko yote duniani na haijitikisi. Hapo ndo unaona ukweli, tairi linafika wapi, cheni inagusa nini, waya uko wapi. Flati ba yenyewe ilikuwa elfu nne. Kwa kipimo hicho tukaona madigadi ikibaki kwenye fremu lazima ikae juu sana mpaka inakuwa kama kofia ya mtu mwingine, kwa hiyo tukaihamishia kwenye mkono wa nyuma, ule unaoshika gurudumu. Ikiwa pale inapanda na kushuka pamoja na tairi na nafasi haibadiliki. Tuliacha sentimita 2 na nusu. Picha za Jamaa zilikuwa na nafasi ndogo zaidi ila hizo picha ni za nchi zenye lami, tope letu la masika likiingia pale linakauka na kugeuka breki. Na kitu kingine watu wanasahau, ukikaza cheni gurudumu linasogea nyuma, kwa hiyo pima ekseli ikiwa mbele kabisa na ikiwa nyuma kabisa. Bolti zote vichwa ndani, mikia nje.

Umeme nilisuka upya. Waya wa nyuma unapita ndani ya kile kiatu cha farasi, pale unapoingia na kutoka kuna raba. Fyuzi ya ampea 10 karibu na betri, na nyingine ya akiba imefungwa pembeni ili asije akapata kisingizio cha shaba. Indiketa ndogo na kioo kimoja kila upande vilirudi.

Boksi la filta nilirudisha na hilo sikumuuliza. Filta ya wazi inaleta hewa nyingi kuliko kabureta ilivyopangwa, mafuta yanakuwa machache, ndo plagi nyeupe na ile paa paa. Unaweza kurekebisha kwa kushusha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja na kuongeza jeti (kitundu cha kupitisha mafuta), nimewafanyia wengine, ila huku kwetu tatizo kubwa ni vumbi, masika likiisha ile filta ndogo inakula vumbi na pistoni inalipa. Tukaficha boksi nyuma ya bati jeusi. Huwezi kuliona mpaka uiname.

## Matokeo

Raundi ya pili ilikula laki mbili na tisini, na laki na nusu hivi ni ya kurekebisha vitu ambavyo kabla ya Februari vilikuwa vizima. Majaribio tulifanya kwenye tuta lile lile. Tukapaka chaki juu ya tairi, Jamaa akapita mara sita na begi la mchanga mgongoni, tukaangalia ndani ya madigadi: hamna alama. Upana wa vichwa vya shokapu nimeupima mwezi wa kwanza, wa pili na wa nne tangu itoke gereji, haujasogea.

Haikuwa safi yote. Mwezi wa pili tangu itoke kishikizo kimoja cha madigadi kilipasuka, kwa sababu kwenye mkono wa nyuma kila mtikisiko unakuja mbichi, haujapita kwenye springi, na mimi nilifunga chuma kwa chuma. Tukaweka raba za tyubu ya zamani kila bolti na flati ba ya milimita 4. Mpaka sasa imetulia.

Trafiki walimsimamisha mara mbili. Mara ya kwanza plate ya namba iko ubavuni chini ya ekseli, haisomeki, akaandikiwa faini. Mara ya pili kadi inasema nyekundu, pikipiki nyeusi. Injini na chasisi namba zilisomeka sawa na kadi, ikamuokoa, ila akaambiwa akabadilishe rangi kwenye kadi TRA, mamlaka ya mapato, na amefanya. Hilo linatakiwa liwe kwenye bajeti pamoja na kopo la rangi.

## Uchambuzi

Nikiangalia kisa chote, naona kila kitu walichokitoa kilikuwa na kazi mbili. Moja inaonekana, ya pili imejificha, na wao walihesabu ile moja. Daraja linashika madigadi, hiyo inaonekana, ila linashika pia mabomba yasitanuke. Madigadi pana ya zamani inazuia maji, ila ilikuwa pia ndo paa la waya wa taa. Boksi la filta linachuja, ila ndo linaipa kabureta kiasi cha hewa ilichozoea. Kinga ya cheni nilidhani mapambo mpaka nilipoona suruali ya Jamaa imejaa madoa ya oili mguu mmoja. Kwa hiyo siku hizi mtu akija na picha ya boba simuulizi unataka kukata wapi, tunaanza na kutoa kitu kimoja kimoja na kukisema kwa sauti kinafanya nini, na kama mnaona kinafanya kitu kimoja tu basi kiangalieni tena. Inachukua mchana mzima na wateja wanaona nawachelewesha.

Mpangilio wa kazi ndo ulikuwa mbovu kuliko mkono wa mtu yeyote. Welda alikata vizuri, alisaga vizuri, tatizo alikata kwanza. Walinunua shokapu kabla ya tairi na tairi kabla ya kupima mkono wa nyuma. Kama zile flati ba za elfu nne zingefungwa siku ya kwanza, mgongano wa tairi na madigadi ungeonekana pale pale chini ya mwembe, mchana kweupe, hakuna mtu aliyeungua. Na mkia usiuzwe. Ule wa elfu tatu tuliufuata kwa mtu wa chakavu siku ya raundi ya pili, ulikuwa umeshapanda lori, ingetuokoa kukunja bomba na kuhangaika na vipimo vya kijiweni.

Vilivyofaa navyo vipo. Jamaa hakugusa injini, wengi huanza na injini kwa sababu ina sifa. Hakugusa shingo ya fremu, na alikuwa na picha za chopa kwenye ile simu, alishawishika. Springi za Phoenix nimeshazisema. Na aliposikia moshi aling'oa betri badala ya kukimbia.

Kosa langu mimi ni ushauri wa simu. Mtu akiniuliza nikate wapi siku hizi namwambia tuma picha ya fremu tupu, pande zote mbili, alafu subiri. Kama siwezi kuangalia siku hiyo basi hakuna grinda siku hiyo.

Limebaki la shemeji. Boba ni ya mtu mmoja, inajulikana, ila nyumbani kwa Jamaa lilijulikana asubuhi ya kwanza, beseni liko mlangoni, mtoto kavaa sare, na pikipiki ina siti ya kiuno kimoja. Sasa hivi shemeji na mtoto wanachukua boda kila siku, elfu mbili kwenda na kurudi ni bei ya kuelewana na jirani, zidisha mwenyewe kwa mwezi. Na boda yenyewe ni pikipiki ile ile, injini ile ile, siti ndefu. Hii gharama haikuwa kwenye laki tatu na themanini wala kwenye laki mbili na tisini, na ndo gharama pekee inayoendelea.

Juzi Jamaa kapiga anauliza kama tunaweza kufunga kisiti kidogo cha nyuma juu ya madigadi, amekiona mahali. Nikamwambia madigadi yako imekaa kwenye mkono wa nyuma, chini yake hamna springi hata moja, mtu akikaa pale kila jiwe linaingia uti wa mgongo, na kishikizo kimoja kilishapasuka kikiwa kimebeba bati tupu, sasa vitabebaje mama na mtoto. Akanyamaza. Kisha nikasikia sauti ya shemeji pembeni, kumbe simu ilikuwa kwenye spika: "Si nilikwambia."